Garanti Inakula Matofali

Neno hili litawachukiza wengine wenu, hasa ninyi wenye nyumba za kupangisha. Lisomeni hata hivyo.

Kijana wa Lubumbashi anataka kuoa. Anatafuta vyumba viwili huko Katuba. Mwenye nyumba anamwambia: «Leta garanti ya miezi kumi.» Naye komisionere, aliyemwonyesha mlango tu, anangoja fungu lake. Tuseme kodi ni dola 50 kwa mwezi: garanti peke yake ni dola 500! Kijana anakopa, au arusi inangoja mwaka mwingine.

Sheria inasemaje? Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema wazi: kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite miezi mitatu. Tena garanti ni mali ya mpangaji. Akitoka bila deni wala uharibifu, arudishiwe. Kwa mfano wetu ni dola 150. Na zile 350 ni nini? Ni mabati ya kijana yule, ni mlango wake, ni malipo ya kwanza ya parseli. Kumbe wewe umezijengea nyumba ya pili, ya kupangisha tena!

Zamani, mwaka 1952, serikali ya Wabelgiji iliunda OCA, ofisi ya kujenga nyumba mijini. Siusifu ukoloni, watu walipangiwa hata mtaa wa kukaa. Lakini karani au fundi aliweza kulipia nyumba polepole, mwisho ikawa yake. Leo mtoto wa karani yule analipa miaka ishirini, na akihama anabeba vyungu na magodoro tu.

Wengine watajibu: «Wapangaji hawalipi, wanatoroka usiku.» Kweli, wako, na wengine wanang'oa hata kitasa. Lakini miezi mitatu iliwekwa kwa ajili ya hao. Wengine: «Tulikubaliana, sikumlazimisha.» Mtu mwenye mke mjamzito, na mvua ya Novemba imeanza, atakataa nini?

Basi, wewe mwenye nyumba, hesabu leo miezi uliyoshika. Inayopita mitatu si yako. Kama pesa umekwisha kuzila, ikate katika kodi ya miezi inayokuja. Andikeni karatasi mbili, mtie sahihi wote wawili, na kila mtu ashike yake.