Vyuo Vyetu Vinasubiri Nini Kujiwekea Vioo vya Programu Huria?

Chuo kikuu kinachofundisha takwimu, uhandisi au tehama katika zama hizi, na ambacho seva zake hazina hata nakala moja ya programu huria kinazozifundishia, kinawatoza wanafunzi wake kodi ambayo Bunge halijaipitisha. Kodi hiyo hulipwa kwa bando, usiku, kwenye vyumba vya kupanga vya Mbeya na Iringa, na anayeilipa ni mtoto wa mkulima.

Tuchukue mfano wa R, programu ya takwimu inayotumiwa na wanafunzi wengi katika tafiti zao. Iliasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na haiuzwi. Tovuti inayoisambaza pamoja na maelfu ya nyongeza zake, yaani CRAN, ina makao yake Vienna, Austria. Tangu ilipoanza mwaka 1997, waasisi wake walitambua kwamba seva moja haiwezi kuulisha ulimwengu mzima. Wakaziachia taasisi nyingine nafasi ya kuweka kile ambacho wanateknolojia hukiita kioo: nakala kamili ya tovuti, inayokaa kwenye seva nyingine na kujilinganisha na chanzo chake kila siku. Miradi ya Debian na Ubuntu husambazwa kwa utaratibu huohuo. Hakuna ada.

Nakala ya kwanza ni kubwa, mamia ya gigabaiti na zaidi, kutegemea mradi. Lakini hailazimiki kupita kwenye intaneti: diski hupanda basi Dar es Salaam alfajiri na kushuka Mbeya usiku. Baada ya hapo programu iitwayo rsync huleta yale tu yaliyobadilika. Sasa lifikirie darasa la wanafunzi 80, kila mmoja akitakiwa kupakua megabaiti 500 kabla ya zoezi la Jumatatu. Hizo ni gigabaiti 40 za kitu kilekile, zikivutwa kutoka ng'ambo mara themanini. Penye kioo, gigabaiti hizo hutembea ndani ya nyaya za chuo, na mwanafunzi hatoi senti.

Wapo watakaosema kwamba mkongo wa taifa umekwisha kufika kwetu, unapita Iringa na Mbeya hadi mipakani Tunduma na Kasumulu, hivyo hoja hii imepitwa na wakati. Wameisahau Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika na nchi ikashinda siku kadhaa ikihangaika. Tena wamesahau haraka zaidi tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mara hiyo hapakuwa na mkongo uliokatika baharini. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayafahamu mambo ya njia moja: lori likipinduka mlima Kitonga, foleni huwa ya wote. Mkulima wa Ismani hajengi kihenge kwa sababu leo duka la unga limefungwa.

Mtumishi wa umma mwangalifu ataniuliza kuhusu usalama: nani atathibitisha kwamba nakala iliyoko Mbeya haijachezewa? Swali ni zuri, na jibu lake lipo kwenye mifumo yenyewe. Debian hutia saini ya kidijiti kwenye orodha ya mafaili yake, na kompyuta ya mtumiaji huikagua saini hiyo kabla ya kusakinisha chochote. Mwenye kioo akibadili herufi moja, kompyuta itakataa.

Hatari halisi iko kwingine. Nimewahi kuoneshwa, katika chuo kimoja nisichokitaja, kioo kilichozinduliwa kwa hotuba na picha za pamoja. Nilipotazama tarehe ya mwisho ya kusasishwa, ilikuwa imepita miaka miwili. Kioo cha namna hiyo ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa kinamgawia mwanafunzi programu zenye kasoro ambazo chanzo kilikwisha kuzirekebisha. Ni kihenge kilichoingiwa na dumuzi: ukikitazama kwa nje kimejaa. Tatizo letu ni kwamba tunapenda kuzindua na tunachukia kutunza. Sijawahi kusikia Mwenge wa Uhuru ukizindua ukarabati.

Wala isisemwe kwamba Watanzania hatuwezi. Kampuni ya Habari Node ya Arusha iliwahi kuorodheshwa miongoni mwa wenye vioo vya Ubuntu. Kampuni, tena ya mkoani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili wakati wengi walidhani kompyuta haiwezi. Leo mwanafunzi wa isimu pale Iringa akitaka kuipakua ili aichunguze istilahi zake, aanzie wapi? Laiti vyuo vitano tu vingeiweka nakala, nisingeuliza swali hili. Kazi iliyofanywa kwa lugha yetu haina Vienna ya kuitunza, ina sisi.

Ndiyo maana siombi mradi, wala mfadhili, wala kamati. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa kuna Mkwawa, kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Ruaha. Vikigawana, kimoja kichukue CRAN, kingine Debian, kingine kazi za Kiswahili zilizotawanyika, hakuna atakayeelemewa. Wanafunzi, wekeni jambo hili kwenye ajenda ya serikali zenu badala ya kuchangishana bando. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, na vitabu vya bajeti huandikwa miezi kadhaa kabla. Nitaomba kuoneshwa humo mstari mmoja: diski mbili, betri ya akiba, na mshahara wa mtu ambaye kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kuangalia tarehe ya nakala.