Wakimbiaji wa Ukambani Hawapotelei Nairobi

Kila kikosi cha riadha cha taifa kinapotangazwa, Kitui na Makueni hurudia mashtaka yale yale. Utayasikia kwa kinyozi mjini Wote, kwenye matatu ya Mwingi, na kwenye makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja. Kwamba wateuzi huchagua kwa kabila. Kwamba Patrick Makau alinyimwa Olimpiki kwa kuwa ni Mkamba. Kwamba ile nafasi ya tatu huuzwa. Kwamba dawa ni mgao wa nafasi, kama Waafrika Kusini walivyofanya kwenye kriketi. Uchungu ulio nyuma ya maneno haya naujua na ni wa haki, kwa sababu watu wetu waliwahi kutamba kwenye barabara za Boston, Honolulu na Newcastle. Lakini mashtaka yenyewe, mengi hayasimami. Na kadiri tunavyoyang'ang'ania ndivyo wahusika halisi wanavyolala usingizi mzuri.

La Makau ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo tuanze nalo. Tarehe 25 Septemba 2011 Makau, mzaliwa wa upande wa Kangundo, alikimbia marathoni ya Berlin kwa 2:03:38 na kuvunja rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie. Mwaka uliofuata, Shirikisho la Riadha la Kenya lilipotaja watu watatu wa Olimpiki ya London, walikuwa Wilson Kipsang, Abel Kirui na Moses Mosop. Mwenye rekodi ya dunia hakuwamo. Hadithi ikiishia hapo, nani hatakasirika?

Haiishii hapo. Aliachwa pia Geoffrey Mutai, mtu wa Bonde la Ufa, Mkalenjin. Mutai alikuwa ameshinda Boston Aprili 2011 kwa 2:03:02, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia kwenye marathoni, ingawa haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu njia ya Boston huteremka na haimrudishi mkimbiaji alikoanzia. Novemba mwaka huo huo akashinda New York kwa rekodi ya njia ile. Kama ni kabila lililomtoa Makau, Mutai alitolewa na nini? Kilichowatoa wote wawili ni Aprili 2012. Mutai alijitoa katikati ya mbio za Boston, siku ya joto kali. Siku sita baadaye Makau naye akajitoa London, mbio ambazo Kipsang alizishinda kwa 2:04:44. Mosop alikuwa ametoka kukimbia 2:05:03 kule Rotterdam, na Kirui alikuwa bingwa wa dunia wa 2009 na 2011.

Je, wateuzi walichagua vizuri? Hilo ni swali jingine, na hapo nina malalamiko yangu. Mosop aliumia, nafasi yake ikachukuliwa na Emmanuel Mutai. Tarehe 12 Agosti dhahabu ikaenda Uganda kwa Stephen Kiprotich, Kirui wa pili, Kipsang wa tatu. Wiki chache baadaye Geoffrey Mutai akashinda Berlin, kisha Makau akashinda Frankfurt. Mkimbiaji wa marathoni hukimbia mara mbili tu kwa mwaka, tatu akizidisha. Kumhukumu kwa siku moja mbaya ni kupima kisima kwa ndoo ya kwanza. Ukitaka kuwashtaki wateuzi wa 2012, washtaki kwa hilo: kwamba walitazama Aprili peke yake. Ushahidi upo. Ushahidi wa kabila haupo, na kulisema bila ushahidi kunamkosea hata Makau, kwa maana kunamgeuza mtu aliyeishika dunia nzima kuwa mtoto aliyeonewa.

Shtaka la pili linasema Mkamba hachaguliwi kamwe. Hili halihitaji maneno mengi. Mike Musyoki aliiwakilisha Kenya Los Angeles 1984 akapata shaba ya mita 10,000, baada ya Martti Vainio wa Ufini kunyang'anywa medali kwa dawa za kusisimua misuli. Benson Masya, kijana wa Kitui, alivaa jezi ya taifa 1992 akawa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni. Patrick Ivuti alikuwa wa nne katika mita 10,000 Sydney 2000, nyuma ya Gebrselassie, Paul Tergat na Assefa Mezgebu, na wa pili kwenye mbio za nyika za dunia 2003. Makau mwenyewe aliteuliwa mara mbili kwa nusu marathoni ya dunia, 2007 na 2008, akarudi na fedha zote mbili. Emily Wamusyi Ngii alileta shaba ya kutembea kwa kasi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022. Na Alexander Mutiso Munyao alipomshinda Kenenisa Bekele London Aprili 2024, wateuzi hawakuhitaji kukumbushwa. Walimweka kwenye marathoni ya Paris pamoja na Eliud Kipchoge na Benson Kipruto.

Lakini itazame orodha hiyo kwa makini, maana ndani yake kuna jambo tusilopenda kulisema. Inachukua miaka 40 na bado majina ni machache. Tena Makau ni wa Kangundo, na Cosmas Ndeti aliyeshinda Boston mara tatu mfululizo kuanzia 1993 ni wa Machakos. Sisi wa Kitui tukitafuta bingwa wetu wa dunia tunarudi kwa Masya, aliyeshinda mbio za nusu marathoni za Newcastle mara nne na marathoni ya Honolulu mara tatu, na ambaye alifariki 2003 akiwa na miaka 33. Mtoto aliyezaliwa siku Masya alipotwaa ubingwa sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Katikati hapo, ni nani alikuwa anaandaliwa, na aliandaliwa wapi? Swali hilo haliwezi kujibiwa na kamati yoyote ya uteuzi.

Wengine hujibu haraka kwamba ni mwinuko: Iten, ngome ya wakimbiaji wa Bonde la Ufa, iko mita 2,400 juu ya bahari, Kitui mjini haifiki nusu yake. Ni kweli, na haitoshi. Makau alijinoa kwenye vilima vya Ngong, na Ngong haiko mbali na Ukambani. Isitoshe, kutembea kwa kasi, kurusha mkuki na mbio fupi havidai hewa ya Iten.

Sasa ile nafasi ya tatu. Kwenye mchujo wa Kenya, wawili wa kwanza hupita wenyewe, mradi wametimiza kiwango. Wa tatu kwa kawaida huachiwa wateuzi. Nimesikia ikiitwa mlango wa rushwa kana kwamba jambo limethibitishwa. Sioni jinsi ya kuutetea mlango wowote ambao hauna karatasi ukutani inayoeleza nani ameingia na kwa nini, na ningependa Shirikisho litoe sababu za maandishi kwa kila jina la tatu. Lakini kuufunga kabisa ni kosa. Mwaka 2016 kule Eldoret, David Rudisha, bingwa wa Olimpiki na mwenye rekodi ya dunia ya mita 800, alimaliza mchujo wa tatu nyuma ya Alfred Kipketer na Ferguson Rotich. Ni nafasi ile inayoshutumiwa ndiyo iliyompeleka Rio, akarudi na dhahabu. Anayetaka mchujo mkali usio na hiari angemwacha nyumbani.

Na anayeudharau mchujo, anayetaka tuchague kwa muda bora tu, huyo ndiye angewamaliza kabisa wakimbiaji wa Kitui na Makueni. Muda mzuri hupatikana kwenye mashindano ya kualikwa Ulaya, na mwaliko huja kwa wakala, na wakala huenda Iten na Eldoret. Mchujo ndio mahali pekee ambapo kijana asiye na wakala anaweza kusimama kando ya tajiri na kumpita. Ndiyo maana uamuzi wa 2012 wa kufanyia mchujo wa mita 10,000 wanaume kule Eugene, Marekani, ulikuwa mbaya kuliko jambo lolote alilotendewa Makau. Asiye na visa na tikiti alikuwa ameshashindwa kabla ya bunduki kulia. Kenya haikupata medali ya mbio hizo London.

Ngazi ya chini ndipo penye shida yenyewe, na nataka tuitazame kwa karibu. Fikiria mashindano ya riadha ya kaunti katika uwanja wa udongo mwekundu. Mistari imechorwa asubuhi kwa chokaa, na saa nne upepo umeshaifuta kwenye kona ya pili. Msichana anakimbia mita 400 pekupeku kwa sababu viatu vya spaiki alivyoazima ni vikubwa. Kwenye mstari wa mwisho wamesimama walimu wenye saa za mkono. Mmoja anabonyeza alipoona moshi wa bunduki, mwingine aliposikia mlio. Muda unaandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mazoezi. Muda huo, uwe mzuri kiasi gani, hauhesabiwi popote. Kanuni za kimataifa hazikubali saa ya mkono kwa mbio fupi hadi mita 800 pale mtu anapotafuta kiwango cha kufuzu. Msichana yule hakuachwa na mteuzi wa kabila lingine. Mteuzi hajui kwamba amezaliwa.

Kisha kuna sheria ambayo wachache huku wameisikia. Tangu 2019, nchi zenye hatari kubwa ya dawa za kusisimua misuli, na Kenya imo kwenye kundi A, zinatakiwa kuhakikisha kwamba mwanariadha amepimwa nje ya mashindano bila taarifa mara tatu au zaidi katika miezi 10 kabla ya Olimpiki au mashindano ya dunia. Olimpiki ya Tokyo ilipofika, wanariadha kadhaa walizuiwa kwa sababu hiyo, Wanigeria 10 na Wakenya wawili wakiwamo. Sheria ni nzuri, siitaki iondolewe. Lakini tazama inavyofanya kazi. Ili upimwe lazima jina lako liwe kwenye orodha, na jina huingia kwenye orodha kwa matokeo ya miezi iliyopita. Kijana wa Mutomo au Kathonzweni anayechomoza mwezi Juni akashinda mchujo anaweza kukosa ndege ya Agosti, na kijijini watasema Mkamba amenyimwa tena. Amenyimwa, ndiyo, lakini mwaka mmoja kabla, alipokosa mashindano ya kumtambulisha.

Sasa hoja ya Afrika Kusini. Mwaka 2016 bodi ya kriketi ya huko iliweka lengo kwamba timu ya taifa iwe, kwa wastani wa msimu, na wachezaji sita wasio weupe, wawili kati yao Waafrika weusi. Huku kwetu kuna wanaosema tuige, kila kanda ipewe nafasi. Kuna pia wanaosema mgao uliiua kriketi yao: wanataja Kyle Abbott na Rilee Rossouw waliokimbilia Hampshire Januari 2017, na Duanne Olivier aliyewafuata Uingereza 2019.

Pande zote mbili zinakosea. Temba Bavuma, aliyedhihakiwa kwa miaka kwamba yumo kwa rangi yake, ndiye nahodha aliyewaongoza kuishinda Australia kwenye fainali ya dunia uwanja wa Lord's Juni 2025, huku Kagiso Rabada akiangusha wiketi tisa. Lilikuwa kombe lao la kwanza la kimataifa tangu 1998. Mgao haukuua kitu. Waliokwenda Uingereza walifuata mikataba mirefu na pauni, kama vile Stephen Cherono alivyofuata Qatar 2003 akaitwa Saif Saaeed Shaheen, ilhali yeye ni Mkalenjin na hakuna aliyembagua kwa kabila. Foleni ya Wakenya wa mbio za kuruka viunzi na maji ilikuwa ndefu nyumbani, na pesa zilikuwa Qatar.

Lakini nyinyi mnaotaka mgao, ulizeni Bavuma na Rabada walisomea wapi. Rabada ni wa St Stithians, Bavuma wa St David's, shule ghali za Johannesburg zenye viwanja na makocha wa kulipwa. Makhaya Ntini, Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea timu yao ya taifa, 1998, alitoka kijiji cha Mdingi, akaonekana kwa sababu mpango wa kukuza vipaji ulifika kijijini na kumpeleka Dale College. Mgao wa juu uliwafungulia mlango waliokwisha kunolewa. Haukumnoa mtu. Ukiipa Makueni nafasi mbili leo kwenye kikosi cha taifa, utazijaza na nani?

Kwa hiyo swali hili tulipeleke panapohusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka michezo na viwanja vya michezo mikononi mwa kaunti. Si Shirikisho, si wateuzi, si watu wa Eldoret. Uwanja wa Ithookwe, Kitui, ulikarabatiwa ili kupokea Mashujaa Dei ya 20 Oktoba 2025, na rais akaja, na watu wakajaa. Wawakilishi wadi wa Kitui waulizwe ni siku ngapi kwa mwezi uwanja ule uko wazi kwa shule za kata za jirani, bila ada. Wa Makueni waulizwe lini kaunti itanunua saa ya kielektroniki ya kutumika Wote, na ni nani ataisafirisha hadi Mwingi tukiamua kuinunua kwa pamoja, maana kaunti mbili zinaweza kushirikiana kwa chombo kimoja. Waulizwe kama kuna mtu hata mmoja anayelipwa kwa kazi ya kupeleka majina ya washindi wetu kwenye Shirikisho kila mwaka mapema, ili wapimaji wajue pa kuwatafuta. Bajeti za kaunti husomwa kabla ya Julai, na vikao vya maoni ya umma hufanyika kwenye wadi zetu, kwa lugha yetu, mara nyingi viti vikiwa vitupu.