Huduma ya simu ilimfikiria nani?

Mtu akishindwa kutumia huduma ya simu, huwa tunamcheka kwamba ni mshamba. Sisi tunadhani mara nyingi kosa liko kwa aliyeibuni, na kisa cha M-Pesa kinatusaidia kulieleza hilo.

Oktoba 2005 huduma hiyo ilianza kujaribiwa Kenya, Nairobi na Thika, kwa watu wasiozidi 500. Wabunifu wake walimwazia mkopaji mdogo wa shirika la Faulu, arejeshe mkopo kwa simu. Basi. Lakini watu walipokabidhiwa, wakaitumia wanavyojua wao: huyu anaweka pesa kabla ya safari na kuzitoa akifika, yule anamrushia ndugu wa kijijini salio, wafanyabiashara wanalipana. Wabunifu wakaona, wakabadili mpango. Ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo liliwaambia watu watume pesa nyumbani. Mkopo ukawekwa kando.

Walikosea, ila walikaa wakatazama. Si kila mbunifu hufanya hivyo.

Chukua namba ya siri. Aliyeiweka alidhani kila mtu ana simu yake, anasoma menyu na anaona maandishi madogo. Vijijini kwetu simu moja ya kitochi ni ya baba, mama na mtoto wa darasa la saba. Bibi asiyejua kusoma humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri, au humpa wakala. Pesa zikipotea, anaambiwa amezembea, namba ya siri haitolewi. Kwa kanuni ni kweli. Lakini angefanyaje? Hata alama za vidole, zilizotakiwa Tanzania katika usajili wa laini uliofikia ukomo Januari 20, 2020, si jibu kamili: kidole kilichosuguliwa na jembe miaka 40 huweza kukataliwa na mashine.

Sasa mbolea, bima na mikopo navyo vinahamia kwenye simu. Wakija maofisa kijijini kwenu kuonyesha huduma mpya, msimpeleke mbele kijana mjanja wa simu. Mwiteni bibi, abonyeze mwenyewe, na mjukuu akae mbali. Menyu ikikatika kabla hajamaliza kusikiliza anachosomewa, ofisa aliandike hilo kwenye daftari lake papo hapo.