Acheni Kuandika "Paradiso Iliyofichika"

Shangazi aliponiambia kwamba Ijumaa tungekwenda wadi, mwanangu aliuliza nani amelazwa. Kwetu wadi ni ya hospitali. Kwa Waomani ni bonde la mto unaoweza kukauka miezi mingi, halafu siku moja ukashuka wote kwa mkupuo. Tulicheka sote. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu wadi tuliyokuwa tunakwenda niliwahi kuiandikia makala, na makala ile inanisuta mpaka leo.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, katika kurasa za safari za gazeti nililokuwa nikiliandikia. Niliiita Wadi Shab "paradiso iliyofichika" na "matembezi mepesi ya familia". Baadaye msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, akaniandikia. Alikwenda na wanawe kwa kuniamini mimi. Walipofika pale njia inapoishia majini, mdogo akateleza, akanywa maji, akavutwa na kijana asiyewajua. "Hukusema kuna kuogelea," aliandika. Kweli, sikusema.

Basi leo nasema na wenzangu wa fani hii: uandishi wetu wa safari umejaa uongo wenye picha nzuri, na neno "iliyofichika" ndilo kiongozi wake.

Imefichika kwa nani, jamani? Wadi Shab iko karibu na Tiwi, kwenye barabara ya pwani itokayo Muscat kwenda Sur. Unavushwa kwa boti chini ya daraja la barabara kuu. Ng'ambo unakuta minazi? Hapana, mitende na migomba, mashamba ya watu. Pembeni mwa njia kuna falaj, mfereji wa kumwagilia. Mifereji hii ni ya kale kiasi kwamba mwaka 2006 UNESCO iliingiza mitano ya Oman kwenye orodha ya urithi wa dunia. Na Sur yenyewe ndiyo mji uliounda majahazi yaliyokuja Unguja na pepo za kaskazi. Shangazi, aliyezaliwa Unguja na kuzeekea Muscat, alinisikiliza nikimsomea makala yangu garini, akasema, "Ati imefichika! Mwanangu, watu walikuwa wanakula tende za hapa babu yako hajazaliwa."

Ukishasema mahali pamefichika, umewafuta wenyeji. Na ukiwafuta wenyeji, umefuta pia wanachokijua. Hapo ndipo neno zuri linapogeuka hatari.

Maana wenyeji wanajua maji yale yanatoka wapi. Mvua hunyesha kwenye milima ya Hajar, mingine ikazama katika mawe ya chokaa na kutokea chini kama chemchemi. Ndiyo maana kuna madimbwi ya kijani katikati ya ukame. Lakini mvua ikiwa kubwa, miamba mitupu haina udongo wa kuinyonya. Maji yote hukimbilia korongoni, na wewe uliye chini unaweza kuwa bado unatazama anga ya buluu. Aprili 2024 mafuriko ya namna hii yaliua watu Oman, wakiwemo watoto wa shule. Wengi wao walikuwa wenyeji, katika nchi yao. Mgeni aliyesoma sifa tupu ana kinga gani?

Mhariri wangu wa wakati ule alikuwa na jibu: ukiwatisha wasomaji hawatakwenda, na mwenye boti atakosa riziki. Ni hoja ya kweli, siidharau. Ila mwenye boti hafaidiki na mgeni aliyezama. Na kumwambia mtu "mbele kuna kuogelea" si kumtisha. Ni heshima ya kumwachia aamue mwenyewe.

Ijumaa ile Shangazi alitazama utabiri wa hewa wa milimani, si wa Tiwi. Tulitembea karibu saa nzima, tukipanda mawe na kupita kingo nyembamba. Kwenye dimbwi la kwanza la kuogelea alikaa na mikoba, akasema miguu yake imemwambia inatosha. Mwanangu, miaka tisa, alivaa jaketi la kuelea. Tulivuka naye sehemu ya kwanza, akatazama kule maji yanakozidi kina, akalia. Mume wangu akaenda peke yake hadi kwenye ufa ambao kichwa tu ndicho hupita, akaona maporomoko yaliyo ndani ya pango. Mimi nilirudi na mtoto, tukala machungwa na bibi yake. Sikuyaona maporomoko safari hii, na siku haikuharibika.

Makala yangu ya zamani bado iko mtandaoni. Nimeomba irekebishwe, sijajibiwa. Basi sahihisho nalitoa hapa: Wadi Shab si matembezi mepesi. Asiyejua kuogelea aishie kwenye dimbwi la kwanza. Mvua ikitabiriwa milimani, usiende, hata kama ufukweni jua linawaka. Mwenyeji akikwambia rudi, rudi. Na yule mama aliyeniandikia, nisamehe.