Diski Iliyotumika Si Mali ya Wizi

Hapana shaka kwamba wengi wa askari wetu, wa jeshi na wa polisi, wanaijua michezo ya video, ama kwa kuicheza wenyewe saa za mapumziko, ama kwa kusumbuliwa na watoto wao. Kijana wa Mbarara, wa Kabingo au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale atafutaye diski ya PlayStation haulizi kwanza kama ni mpya. Huuliza bei.

Na bei ya mpya haishikiki. Mwaka 2020 makampuni makubwa yalianza kupandisha bei ya mchezo mmoja kutoka dola 60 za Marekani hadi 70. Mwaka 2025 Nintendo ikautoza Mario Kart World dola 80. Dola 70 ni kadiri ya shilingi 250,000 za Uganda. Konstebo alipaye karo za shule hahitaji kufundishwa maana ya hesabu hiyo. Ndiyo sababu diski moja hupita mikononi mwa watu wengi: aliyeumaliza mchezo huuza, naye aliyenunua akiumaliza huuza.

Makampuni yananung'unika kwamba katika mauzo ya pili hayapati hata senti. Mwezi Mei 2013 Microsoft iliitangaza Xbox One pamoja na masharti ya kuwabana watu wasiuze wala kuazimana diski kwa hiari yao. Wachezaji wakapiga kelele, na mwezi Juni masharti yakafutwa. Huko Japani, Mahakama ya juu kabisa ilikwisha kuamua mwaka 2002 kwamba watengenezaji hawawezi kuzuia uuzaji wa michezo iliyotumika. Nayo ya Marekani, mwaka 1908, ilimkatalia mchapishaji aliyepiga chapa kitabuni onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola moja.

Sisi tunaona kwamba mahakama hizo zilisema kweli. Auzaye baiskeli yake hampelekei fungu aliyeiunda. (Michezo ipakuliwayo kwa intaneti ni hila nyingine: mnunuzi hulipa bei nzima, asibaki na kitu cha kumuuzia jirani.)

Lakini haki hiyo ina mpaka, na hapo ndipo kazi ya polisi ilipo. Diski iliyonakiliwa bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Diski iliyoibwa ni mali ya wizi, na aipokeaye huku akijua ana kosa. Diski halali iliyochakaa si mojawapo ya hizo. Askari aingiaye sokoni akakusanya kila diski yenye mikwaruzo, kwa hoja kwamba haina risiti, hajamkamata mwizi. Amemnyang'anya mchuuzi mtaji wake, na pengine mchuuzi huyo ni mkimbizi asiyejua pa kulalamika.

Wachuuzi nao wasijifiche nyuma ya umaskini. Daftari ni rahisi: jina la aliyeuza, tarehe, na namba ya kitambulisho chake, kiwe cha taifa au cha mkimbizi kitolewacho na Ofisi ya Waziri Mkuu. Daftari hilo lionyeshwe kwa askari aliombapo. Na diski ikichukuliwa kwa uchunguzi, mwenyewe aandikiwe hati papo hapo, itajwe idadi ya diski, jina la kituo, na siku ya kwenda kuzidai.