KOMPYUTA NYUMBANI: TUWAFUNDISHE WATOTO KUITUMIKISHA

Ndugu zetu wengi hapa mkoani Tanga wamekwisha kuingiza kompyuta majumbani mwao. Wapo walioinunua mpya kwa fedha nyingi, wapo walioipata iliyokwisha kutumika ng'ambo, na walimu nao wamekabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 (navyo, tuseme kwa kupita, si vya watoto kuchezea). Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini ukikaribishwa barazani jioni, iwe Ngamiani au Chumbageni, mara nyingi utasikia kutoka ndani milio ya risasi na ngurumo za magari ya mashindano. Mtoto amekaa mbele ya chombo tangu alasiri. Mzazi ameridhika, maana mwanawe yumo ndani, hayumo barabarani.

Twasema wazi kwamba kosa si la mtoto. Mtoto hutumia chombo kwa namna alivyokikuta kikitumiwa, na wengi wetu sisi wazazi hatukulelewa nacho. Yafaa tukumbuke tulikotoka. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Wako wanaoucheka uamuzi ule hii leo. Sisi hatuucheki. Nchi changa yenye fedha chache za kigeni ilikuwa na haki ya kuuliza chombo hiki kitamfaa nini mkulima kabla ya kukilipia. Kosa lilikuwa kuufunga mlango kabla ya kupata jibu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, na Bara ikapata televisheni yake mwaka 1994, hali Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Lakini lile swali lilikuwa sahihi, na sasa limehamia sebuleni: chombo hiki kitamfaa nini mtoto?

Hata mataifa yenye mali yamelikuta swali hilo njiani. Huko Uingereza, mwaka 1981, shirika la utangazaji la BBC liliipa jina lake kompyuta ya nyumbani iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge, na mwaka uliofuata likaanza kurusha vipindi vya kuwafundisha wananchi namna ya kuitumia. Mtoto aliyeiwasha hakukuta picha wala mchezo. Alikuta kioo kitupu na alama ndogo ikimetameta, ikingoja amri yake. Asipotoa amri, chombo hakikufanya lolote. Majarida ya siku zile yalichapa michezo katika sura ya mistari ya amri, na mtoto aliyeutaka mchezo aliupiga chapa mwenyewe, mstari baada ya mstari. Akikosea herufi moja mchezo haukwenda, ikambidi arudi nyuma kulitafuta kosa. Alitaka kucheza, naye akajifunza kufikiri bila ya mtu yeyote kumhubiria.

Miaka ikapita, kompyuta ikawa nyepesi kutumia na yenye kupendeza macho, ila ikaacha kuuliza. Ikawa inakuja na kila kitu kimekwisha kutengenezwa. Baada ya mwaka 2000 watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwamo Eben Upton, wakaona kwamba vijana waliokuwa wakiomba nafasi ya kusomea fani hiyo walikuwa wamegusa kazi ya kuandika programu kidogo kuliko wenzao wa miaka ya nyuma. Ndipo ikabuniwa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35, ili mtoto apate tena chombo cha kuchokonoa bila ya mzazi kuogopa hasara. Ikiwa hilo liliwapata wao, sisi hatuna sababu ya kushangaa yanayotupata.

Mtu aliyelifikiria jambo hili mapema alikuwa mzaliwa wa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1928, akaupinga ubaguzi wa rangi, kisha akaishia Marekani akifanya utafiti. Mwaka 1967 yeye na wenzake, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitunga lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo. Kwa lugha hiyo mtoto humwamrisha kobe aende mbele hatua kadhaa, ageuke kulia, aende tena, na kila anapopita anaacha mchoro. Mtoto anayetaka kuchora nyumba hulazimika kujiuliza pembe ina nyuzi ngapi. Hisabati iliyokuwa ikimkimbiza darasani inakuwa chombo chake cha kazi. Fikra ya Papert ilikuwa kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuipangia kompyuta cha kufanya, wala si kompyuta kumpangia mtoto.

Fikra hiyo si ngeni kwetu. Wazee wetu, na baadhi yetu, walianzia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali. Ubao wa chuoni ulikuwa mtupu. Mwalimu aliandika, mwanafunzi akaufuatisha mwandiko wake kwa kalamu ya mwanzi, akausoma hata ukakaa moyoni, ndipo ubao ukaoshwa, likaandikwa jingine. Hakuna aliyepata kusoma kwa kuukodolea macho ubao. Wala mwalimu hakuwashika wote peke yake: aliyetangulia alimwongoza aliye nyuma. Na mwaka 1967, mwaka ule ule wa Logo, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iache kumfanya mtoto kuwa mtu wa kupokea tu. Jembe la shamba la shule na kompyuta ya sebuleni ni vyombo mbalimbali, bali kipimo cha mwenye kukishika ni kile kile.

Mkoa huu wenyewe una ushahidi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga walipewa vishikwambi katika shindano la kimataifa la XPRIZE, lililoendeshwa kwa ushirikiano wa UNESCO, Mpango wa Chakula Duniani na Serikali yetu. Programu zilizomo zilikuwa za Kiswahili, na umeme wa kuvichaji ulitoka kwenye jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na asilimia 74 walikuwa hawajapata kuhudhuria shule. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kwa makundi mawili, Kitkit School na onebillion.

Matokeo hayo yasomwe kwa makini, maana yana pande mbili. Chombo kilichojazwa mafunzo, katika lugha anayoielewa mtoto, kilimfikisha mahali ambapo shule ilikuwa haijamfikisha. Hilo tusilidharau. Lakini sehemu kubwa ya watoto walibaki bila ya kujua kusoma baada ya miezi 15, na anayetaka kuniambia, kama wasemavyo wauzaji, kwamba mashine itachukua nafasi ya mwalimu na mzazi, tutamwomba aitazame sehemu hiyo pia.

Je, dawa ni kukataza? China iliamuru mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandaoni kwa saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku. Kwa wadogo hao tunakubaliana kabisa. Lakini kwa mtoto wa darasa la nne na kuendelea, saa peke yake si kipimo. Saa mbili za kutunga hadithi si sawa na saa mbili za kutazama mtu mwingine akicheza. Mzazi anayerudi kazini na kuuliza, "Umekaa humo muda gani?" atajibiwa uongo. Aulize, "Umetengeneza nini leo? Nionyeshe." Hapo uongo ni mgumu.

Na vya kutengeneza vipo, tena bila ya kununua bando. Programu iitwayo Scratch, iliyotolewa na wataalamu wa chuo cha MIT mwaka 2007, ni mtoto wa ile Logo. Inatolewa bure, ina Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji mtandao. Mtoto hupanga vipande vya amri kama apangavyo matofali, akapata mchezo wake mwenyewe. Kwa Kiwix, kamusi elezo ya Wikipedia yaweza kuhifadhiwa na kusomwa nyumbani pasipo mtandao. Aidha kila kompyuta yaweza kuwekewa programu ya majedwali ya bure. Mama mwenye genge la mboga ana mtoto wa darasa la sita: kwa nini mtoto huyo asiandike manunuzi na mauzo ya kila siku, na mwisho wa mwezi akamwonyesha mama yake ni nyanya au ni vitunguu vinavyomtia hasara? Bibi ana ngano ambazo hakuna kitabu kilichopata kuzichapa. Mjukuu azipige chapa kabla bibi hajaondoka nazo. Mkoa uliokata mkonge miaka mingi ili wengine wasokote kamba unajua vizuri tofauti ya mwenye malighafi na mwenye ufundi.

Kompyuta isiwekwe chumbani. Iwe sebuleni, mahali pa kupita watu, na wa mtaani wasiokuwa nayo wakaribishwe siku moja kwa wiki, kwa kuwa watoto wawili kwenye kioo kimoja hubishana, na katika kubishana hujifunza.

Lipo jambo moja ambalo limetuudhi katika nyumba kadhaa tulizozitembelea. Kompyuta inasemwa kuwa ni ya watoto, kumbe ni ya watoto wa kiume. Kaka amekaa kitini, dada yuko jikoni anasonga ugali, na zamu yake inapofika usiku umekwisha kuingia au LUKU imekatika. Baba haoni neno. Tunapendekeza ratiba iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kazi za jikoni zigawanywe katika karatasi hiyo hiyo, na zamu ya kwanza ya alasiri apewe binti.