Soko Halilei Watoto

Nchini Marekani, mtoto akifikisha miaka mitano, fedha za umma humlipia mwalimu, darasa, vitabu na mara nyingi basi la kumpeleka shule. Kabla ya umri huo, katika majimbo mengi, gharama ni za wazazi, isipokuwa wale wachache waliobahatika kupata ruzuku. Mpaka huu umezoeleka hata unatetewa kana kwamba uliwekwa na Mungu: mtoto mdogo ni wa aliyemzaa, kazi ya jimbo inaanzia shuleni, na soko likiachwa litapanga lenyewe bei na nafasi. Imani hiyo haina mashiko katika historia, na katika hesabu ndiyo haina kabisa.

Hata huo umri wa miaka mitano ulipatikana kwa mabishano. Chekechea ya kwanza ya Marekani ilifunguliwa mwaka 1856 mjini Watertown, Wisconsin, na Margarethe Schurz, mhamiaji kutoka Ujerumani, kwa ajili ya watoto wachache wa nyumbani na wa jamaa. St. Louis ikaingiza chekechea katika shule za umma mwaka 1873, chini ya Susan Blow. Mississippi ilingoja hadi sheria ya 1982, zaidi ya miaka mia moja baadaye, ndipo ikakubali kuzigharamia jimbo zima. Leo ni vigumu kumpata mwanasiasa wa Mississippi anayedai kwamba chekechea inavunja familia.

Wala si kweli kwamba serikali haijawahi kugusa walio wadogo zaidi. Kati ya 1943 na 1946, wanawake walipohitajika katika viwanda vya meli na ndege za kivita, serikali kuu ilitoa fedha kupitia Sheria ya Lanham kuendesha vituo vya kulelea watoto mchana. Vita vilipokwisha fedha zikakatwa; California, ikibanwa na akina mama waliokataa kunyamaza, ikaendelea kuvilipia vyake. Mwaka 1971 mabunge yote mawili yalipitisha mpango wa taifa zima, Rais Richard Nixon akakataa kuutia saini kwa hoja kwamba ungetanguliza malezi ya pamoja mbele ya familia. Tangu hapo kila jimbo linajitafutia njia yake, likiongezewa fedha kutoka Washington ambazo hazijawahi kutosha.

Hoja ya soko hufia katika chumba cha watoto wachanga. Majimbo mengi hayaruhusu mlezi mmoja kushika zaidi ya wanne. Chukua chumba cha watoto wanane na walezi wawili, katika kituo kinachofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kwa siku tano ni saa 110 za kazi. Zikilipwa dola 15 kila moja, kiasi kinachokaribiana na ujira wa kati wa walezi nchini humo, wiki inagharimu dola 1,650. Hiyo ni zaidi ya dola 206 kwa kila mtoto, au dola 10,700 na ushee kwa mwaka, na bado halijalipwa pango, bima, umeme, chakula, wala mtu wa kushika zamu mlezi akiugua.

Mzazi anaiona ada hiyo na kudhani mwenye kituo anatajirika. Wizara ya Fedha ya Marekani ilipoichunguza biashara hii mwaka 2021 ilikuta faida yake kwa kawaida haifiki asilimia moja. Ada haishuki bila kumpunja mlezi. Mlezi haongezewi bila kumkamua mzazi. Na ghala la jirani likitangaza dola 18 kwa saa, mlezi anaaga. Wanaosema dawa ni kupunguza kanuni waeleze kwanza mlezi mmoja atatoka na vichanga wangapi mikononi moto ukizuka.

Hubaki hoja ya bibi: familia ilee, kama zamani. Bibi wa Marekani wa leo mara nyingi yuko kazini mwenyewe, na kwa familia nyingi za wahamiaji bibi alibaki ng'ambo. Kinachosahaulika ni kwamba ruzuku haimfukuzi ndugu. Taratibu za serikali kuu zinaruhusu majimbo kumlipa bibi, shangazi au mjomba anayemlea mtoto, akitimiza masharti. Anayeipenda familia kwa dhati angepigania malipo hayo yaongezwe.

Majimbo yaliyoamua kulipa hayafanani kisiasa. Georgia iliwafungulia watoto wote wa miaka minne madarasa ya awali mwaka 1995, kwa fedha za bahati nasibu. Oklahoma, ngome ya wahafidhina, ilifanya hivyo mwaka 1998, ikadai kila darasa liwe na mwalimu mwenye shahada, alipwe kama walimu wengine wa umma. Kulipa tu hakutoshi, na hapa watetezi wa mipango hii nao hujidanganya: utafiti wa Tennessee uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba watoto waliopitia madarasa ya awali ya jimbo hilo walikuwa nyuma ya wenzao walipofika darasa la sita.

Kosa jingine ni kulipia umri wa miaka minne peke yake. Watoto hao ndio wanaokibeba kituo, kwa kuwa walezi wawili hao hao wanaweza kuwashika ishirini. Shule ya umma ikiwachukua bure, kituo kinabaki na vichanga, ambao ndio ghali kuliko wote, na baadhi ya vituo hufunga vyumba vyao. Zaidi ya hayo, darasa la awali huisha mchana wakati zamu ya mzazi haijaisha.

New Mexico ililiona hilo. Mwaka 2022 karibu asilimia 70 ya wapiga kura wake waliidhinisha sehemu ya mfuko wa kudumu wa jimbo, unaotunishwa na mafuta na gesi, iende kwa watoto wadogo. Novemba 2025 malezi ya mchana yakawa bure bila kujali kipato. Wapinzani husema hayo ni ya wenye mafuta. Vermont haina mafuta. Mwaka 2023 bunge lake lilitengua kura ya turufu ya gavana na kuweka kodi ya asilimia 0.44 ya mishahara, ambayo mwajiri hulipa angalau robo tatu yake, na ruzuku ikapanuliwa hadi kwa familia za kipato cha kati.